Siku niliyofua bomba la hewa

Jana nimefua bomba la hewa. Ndiyo, kufua, kama shuka! Ghala tunalohudumia hapa Namanve, Uganda, lina mabomba ya kitambaa cha poliesta, yale yanayojaa upepo feni ikiwaka, yananing'inia darini kama soseji kubwa. Yalikuwa meupe, vumbi jekundu la huku limeyageuza rangi ya chai.

Tukazima feni, tukapanda jukwaa, tukafungua zipu kipande kwa kipande. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, jiki hapana, maana inadhoofisha nyuzi. Kosa langu: sikuandika namba kwenye vipande. Wakati wa kurudisha, matundu ya kutolea hewa yakaelekea ukutani badala ya kwa wafanyakazi. Mzee wa stoo akaniuliza, "Fundi, leo unapoza ukuta?" Tukashusha tena. Saa mbili zimekwenda hivihivi.

Halafu nikafungua mashine yenyewe inayosukuma hewa kwenye mabomba. Kichujio kimeziba hadi kimepinda, na vumbi linapenya pembeni. Basi hata ningefua kila wiki, bomba lingechafuka tu. Meneja ameahidi kichujio kipya Jumatatu. Mabega bado yananiuma.