Lumbesa ya Ulimi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne usiku nilipiga magoti nikashindwa kuomba. Nilifungua kinywa mara tatu, na kila mara kilichonijia ni ile sauti ya dakika mbili. Mnaijua. Ni ile inayomsema yule dada anayegombea udiwani wa kata yetu kwa chama kingine, kwamba ana watoto wawili na kila mmoja ana baba yake, kwamba nyumba imemshinda, sembuse kata. Aliyerekodi anacheka, na nyuma yake wanasikika wengine wakicheka. Ilinifikia Jumamosi kwenye WhatsApp, nikacheka pamoja nao. Nikaweka vile vikaragosi vitatu vya kucheka mpaka machozi, nikaituma kwa watu 11. Nimewahesabu.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada tulisimama nje chini ya mwarobaini, kina mama na wazee wachache. Tulikuwa na hasira kwelikweli. Jana yake, kwenye mkutano wa upande wa pili, kabla ya saa 12 jioni, saa ya kufunga mikutano ya kampeni ya siku, mtu alipanda jukwaani akaigiza jinsi mgombea wetu anavyotembea. Mnajua mguu wake, amezaliwa nao. Watu walishangilia. Mama mmoja kati yetu alilia akisimulia. Na mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote, kwamba mtu hachekwi kwa jinsi Mungu alivyomuumba, kwamba Kanuni za Maadili ya Uchaguzi zinazotiwa saini na vyama zinakataza matusi na kashfa, na malalamiko yetu lazima yafike kamati ya maadili. Nikasema tufunge na kuomba. Tukapanga kufunga Ijumaa.

Muda wote huo simu ilikuwa kwenye mkoba wangu, na ile sauti ndani yake.

Wengi mnanijua kwa biashara ya nafaka. Nimekwenda Kibaigwa miaka mingi kufuata mahindi, nauza soko la Majengo kwa kilo na kwa kopo la sado. Kwa hiyo nitasema kwa lugha ya kazi yangu. Mkulima wa Kongwa au Mpwapwa hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Gunia lisilotakiwa kuzidi kilo 100 linajazwa, linaongezewa kichwa juu, linashonewa kwa kamba mpaka linabeba madebe ambayo hayakuwa kwenye mapatano, na mwenye shamba analipwa gunia moja. Likifika mjini, yule yule aliyelinunua kwa kukadiria kwa macho anaweka mzani mezani na kuuza kilo kwa kilo. Sheria inakataza, Wakala wa Vipimo wanapita, na lumbesa ipo. Nami nimewahi kuipokea. Nilitubu, miaka sasa.

Basi Jumanne usiku Roho Mtakatifu aliniuliza kuhusu lumbesa ambayo sijaitubia. Dhambi ya mtu wa upande ule naipokea kwa lumbesa, ijazwe, iongezewe kichwa. Dhambi ya mtu wetu naipima kwa kijiko cha chai. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inatukataza kuwa na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, na tazameni yanapokaa mawe hayo: mfukoni. Mnunuzi haoni ukibadilisha. Ukimwuliza mwenye mawe atakuapia kwamba anapima sawasawa, kwa sababu kila jiwe, likiwa peke yake mkononi, linaonekana ni jiwe la haki.

Sisi wa Dodoma tulishaonyeshwa jambo hili kwa ukubwa wake. Mnaukumbuka Julai 2015, mji ulivyojaa wajumbe. Edward Lowassa alikatwa jina kwenye vikao vya CCM hapa hapa, baadhi ya wajumbe wakaimba ukumbini kwamba wana imani naye, John Magufuli akapitishwa, na tarehe 28 ya mwezi ule ule Lowassa akajiunga na Chadema. Siku chache tu zikatosha kubadilishana ndimi. Waliomwita fisadi tangu alipojiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond wakaona sasa ni mkombozi. Waliomtetea miaka yote wakagundua kuwa ni fisadi. Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa Chadema wakati ule, akasema yeye hawezi, akajiweka kando, na waliokuwa wakimshangilia jana yake wakamgeuzia matusi. Kisha tukaingia kwenye mwili wa mtu. Afya ya Lowassa ikawa hoja ya jukwaani na ya vijiweni, huku Magufuli akipiga pushapu na watu wakihesabu. Mwaka 2019 Lowassa akarudi CCM, ndimi zikabadilishana tena. Februari 2024 akafariki, na pande zote zikamlilia mzee wetu. Swali la Richmond lilikuwa swali halali na lilistahili kuulizwa na mtu wa shati la rangi yoyote, mwaka wowote. Ila sisi tulikuwa tunaliweka mfukoni na kulitoa kulingana na mahali mtu alipokaa.

Lakini nisikimbilie kwa wakubwa. Bwana hakunisemesha kwa habari za Lowassa. Alinipeleka Mwanzo 38, sura ambayo sikumbuki lini niliisikia ikihubiriwa kwetu, labda kwa sababu ya watoto waliopo ibadani. Isomeni leo nyumbani.

Yuda amefiwa na mkewe. Anapanda Timna kukata manyoya ya kondoo, anamkuta njiani mwanamke aliyejifunika uso. Hamtambui kuwa ni Tamari, mkwewe, mjane wa wanawe wawili, ambaye yeye mwenyewe alimwahidi mwanawe wa tatu kisha akamnyima. Anamdhania kahaba, wanaafikiana malipo ya mwana-mbuzi ili alale naye. Kwa kuwa mbuzi hayupo pale, anamwachia rehani: muhuri wake, kamba yake na fimbo yake. Anaendelea na safari. Baada ya miezi kama mitatu anaambiwa mkwewe amezini na ana mimba.

Yuda hakuuliza hata swali moja. Hakuuliza ni nani mwanamume. Hakumwita binti amsikilize. Alisema atolewe nje ateketezwe.

Wapendwa, nimeisoma sura hii kama mara nane tangu Jumanne, na kinachonitisha ni hiki. Sioni kwamba Yuda alikuwa anaigiza. Alikasirika kweli. Hasira yake ilikuwa ya kweli kama yangu chini ya mwarobaini. Nilidhani nikiwa na uchungu wa kweli moyoni basi nimesimama upande wa Mungu. Yuda alikuwa na uchungu wa kweli, na kuni zilikuwa zinaandaliwa, na mtoto wake mwenyewe alikuwa tumboni mwa yule anayekwenda kuchomwa.

Na Tamari? Angeweza kupiga kelele njiani, kila mtu asikie jina la Yuda. Hakufanya hivyo. Alituma vitu, akamwomba aangalie ni vya nani: muhuri, kamba, fimbo. Yuda alivitambua, akatamka neno ambalo sijawahi kulisikia kwenye jukwaa lolote la kampeni tangu 1995, kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Alilisema wakati amekwisha kuamuru atolewe nje.

Tamari akajifungua watoto wawili, Peresi na Zera. Watoto wawili, na wanawake wa kisimani bila shaka walikuwa na la kusema kuhusu baba yao. Mathayo anapoandika ukoo wa Bwana wetu hakumruka mama huyo. Amemtaja kwa jina, katika sura ya kwanza kabisa ya kitabu chake. Damu ile tunayoimba kila Jumapili ilipita nyumba ile.

Sasa kina baba, nitasema, nami nawaheshimu. Mgombea wetu ana nyumba ya pili. Kata nzima inajua. Watoto wale tunawasalimia, wengine wanasoma na watoto wetu. Tukiulizwa tunasema hayo ni mambo ya nyumbani kwake, tena tunaongeza kwamba ni mzee mwenye majukumu. Hakuna aliyerekodi sauti. Hakuna aliyeuliza kama nyumba mbili zitampa nafasi ya kuhudhuria vikao vya halmashauri. Mwanamume tunampimia kwa sado, tena tunampunguzia, mwanamke tunamshindilia gunia mpaka kamba ikatike. Na wengi wa wanaoshindilia ni sisi wanawake. Mimi ni mmoja.

Sisemi haya ili mtu akamrekodi na yeye. Nathani alipotaka kumwambia Daudi neno gumu alikwenda mwenyewe mpaka kwa mfalme, akasimama mbele yake. Yohana Mbatizaji alimwambia Herode mwenyewe habari ya ndoa yake, na ilimgharimu kichwa. Ukiona dhambi ya mtu inakuuma kiasi hicho, nenda kwake. Ukiona huwezi kwenda, jiulize kama inakuuma kweli au inakuburudisha.

Kuna walioniambia ni utani tu wa kampeni. Sisi Wagogo tufundishwe utani na nani? Mtani wangu Mhehe ananisema usoni, nami namsema usoni, na siku ya msiba wangu ndiye anayekuja kuchekesha waombolezaji. Aliyerekodi ile sauti hatakuja kwenye msiba wa yule dada.

Wala sisemi wagombea wasiulizwe. Waulizwe mpaka watoke jasho! Mwulizeni yule dada, na mgombea wetu pia, atasimamiaje ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, maana tunajua vikundi gani vinapata na vipi havipati. Waulizwe maji. Waulizwe viwanja, maana hapa mjini kiwanja kimeshavunja undugu wa watu wengi. Na wazee wa kanisa, akija mgombea mmoja kutusalimia kwenye harambee asimamishwe mbele, na akija mwingine asiambiwe kwamba kanisa halichanganyi dini na siasa.

Leo Alhamisi asubuhi nilikwenda nyumbani kwa yule dada. Nilimkuta uani na ungo, anachambua mlenda. Akaniamkia, "Shikamoo mama." Nikaitika, kisha nikashindwa kukaa kwenye kigoda alichonipa mpaka nimeshasema. Nikamwambia ile sauti imepita kwenye mikono yangu, na nimeituma kwa watu wangapi.

Alikaa kimya, mikono imesimama kwenye majani. Akauliza, "Uliisikiliza mpaka mwisho, mama?"

Nikasema ndiyo.

"Mara ngapi?"

Nikasema mara mbili.

Akaniambia mtoto wake mkubwa yuko darasa la sita, na ameisikia shuleni kwenye simu ya mwenzake. Hakunieleza habari za baba wa watoto wake, nami sikuuliza. Nilimwambia pia ukweli kwamba kura yangu sitampa, kwa sababu nina mgombea wangu, na nisingependa adhani nimekuja kwa ajili hiyo. Akasema hakuna shida. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nimekusikia, mama." Nikakaa, nikavuta ungo upande wangu, tukamaliza mlenda pamoja bila maneno mengi.

Kufunga kwetu ni kesho, kama tulivyopanga. Nimewaomba wazee, nao wamekubali, tusiombe kwa ajili ya mgombea wetu na mguu wake peke yake. Tutamtaja na yule dada, na yule mtoto wa darasa la sita. Tunakutana saa 9 alasiri, kanisani.

Wale watu 11, nimeshawapigia saba tangu niliporudi. Nimewaambia wote neno moja, kwamba nilikosa, waifute, na kama waliipeleka mbele wawafuate waliowapelekea. Wanne sijawapata. Kama wewe ni mmoja wao, namba yangu ni ile ile, nitapiga tena leo usiku.