Heller 20 ya Tabora: hatimaye nimejua ni shaba gani

8.89. Namba hiyo, msongamano wa sarafu yangu, nimeipata jana saa tano usiku, baada ya siku kumi na nane za kuhangaika, na ndiyo iliyonikalisha kuandika. Sarafu yangu ya heller 20, pesa ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, iliyopigwa Tabora 1916, ni shaba nyekundu. Si ya manjano, kama kikaratasi cha muuzaji kilivyosema.

Nianze na maonesho yenyewe. Nilienda yale ya Jumapili hapa Hamburg nikiwa na orodha mfukoni: heller 5 ya 1908 na ya 1909, zile kubwa za milimita 37 zenye uzito wa gramu 20 hivi, halafu nusu heller mbili za kuziba mapengo. Zote zina alama ya J, ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg. Zilipigwa chapa katika mji huuhuu ninaoishi, na kwa miaka miwili nimekuwa nikijiambia kwamba mtu anayelala mji wa J hana udhuru wa kuzikosa. Nilifika mlango unapofunguliwa. Wapo wanaopenda kwenda saa ya mwisho, wauzaji wakiwa wanafunga mizigo na bei zimelegea, lakini mimi siamini katika hilo. Saa ya mwisho unapata bei nzuri ya vitu vilivyokataliwa na watu mia mbili. Masanduku ya mchanganyiko yanataka mkono wa kwanza.

Meza ya nne au ya tano alikaa mzee mmoja mwenye sanduku la kadibodi lililoandikwa Afrika tu, basi. Humo mlikuwa na senti za Afrika Mashariki za George wa Tano, faranga za Kongo, pice za Mombasa za 1888 zenye mizani, na rupia moja ya Kaisari Wilhelm iliyowahi kuwa kidani, kipande cha kulehemu bado kimeng'ang'ania ukingoni. Nilizipekua moja moja. Chini kabisa nikaiona: kahawia iliyoiva, karibu nyeusi, taji juu, DOA (Deutsch-Ostafrika), 1916. Nikaigeuza. T, alama ya Tabora.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Nimepita karibu na reli ile tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Wenzangu mnaijua habari hii ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kwa hiyo sitairudia yote: manowari za Waingereza zimefunga pwani, sarafu haziingii tena kutoka Ujerumani, watu wamezificha rupia zao, ikabidi karakana ya reli igeuzwe kiwanda cha sarafu. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini, na kazi ikaishia hapo. Kila yenye T ilizaliwa ndani ya muda huo mfupi. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, sitaigusa maishani kwa mshahara wangu, tena nakala bandia zake zimejaa kila mahali. Lakini heller 20 naiweza, na tayari ninazo mbili.

Mzee alitaka euro 35. Kikaratasi kilisema "Messing", yaani shaba ya manjano, ile ya vitasa vya mlango. Nikampa 28, akaniangalia, akauliza natokea wapi. Nilipomjibu alicheka kwa furaha, akasema, "Basi kijana, inarudi kwenu," akapokea. Orodha ya J sikuitoa mfukoni tena siku hiyo. Na heller 5 ya 1909 ilikuwepo, meza ya dirishani, hali safi kabisa. Niliipita.

Sasa tatizo. Heller 20 zilitolewa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano, kwa kuwa mafundi walitumia metali yoyote iliyopatikana, yakiwemo maganda ya mizinga. Zikiwa mpya hata mtoto angezitofautisha. Zikishakaa miaka mia zinakuwa kahawia moja, na yangu ilikuwa kahawia kuliko zote. Kwenye ukingo palikuwa na sehemu ndogo iliyosuguliwa, pana kama kichwa cha sindano. Chini ya taa ya jikoni ilionekana nyekundu. Dirishani asubuhi, ya manjano. Nimeitazama sehemu ile mpaka nikaiota.

Kusafisha ni mwiko, sitajadiliana na mtu juu ya hilo. Kukwaruza ukingo vilevile. Sumaku haisaidii, maana haishiki hii wala ile. Kuigonga usikilize mlio? Nimejaribu na zote tatu, na kila moja inalia kivyake kwa sababu unene haulingani. Hata uzito haukupi kitu, zinapishana sana. Zilikuwa kazi za haraka, wakati wa vita.

Kikabaki kipimo cha maji. Unaweka kikombe cha maji juu ya mizani, unarudisha kwenye sifuri, unaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Mizani itakachosoma ndicho kiasi cha maji yaliyosukumwa. Ugawe uzito wa sarafu kwa hicho, unapata msongamano. Shaba nyekundu safi inakaribia 8.9, ya manjano inacheza kwenye 8.4 hadi 8.7 kutegemea zinki iliyomo. Kwa sarafu ya gramu 11.38, ambao ndio uzito wa hii yangu, tofauti kati ya majibu mawili ni kama sehemu sita za mia za gramu. Hapo ndipo palipokuwa na mateso.

Jaribio la kwanza: 8.43. Manjano. La pili, dakika tano baadaye: 8.62. La tatu: 8.69. Sarafu ileile, maji yaleyale, kikombe kilekile! Nikalaumu mizani. Mizani yangu ni ya bei nafuu ya 0.01, na nusu saa nzima nilikuwa naangalia za 0.001 za kununua. Nikafunga dirisha kuzuia upepo. Nikabadilisha uzi wa kushonea nikaweka mshipi mwembamba wa kuvulia, kwa sababu uzi wa pamba unakunywa maji. Hilo lilisaidia kidogo. Namba ziliendelea kucheza, na kila siku nikitoka kazini naanza upya na kulala nimeudhika.

Ninaye rafiki mkusanyaji aliyeko Mwanza, kanizidi umri, alifanya kazi maabara miaka mingi. Nilimtumia picha na namba zote. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa utulivu wake uleule: "Mdogo wangu, mizani haina kosa. Ni hewa hiyo. Maji umeyachemsha?"

Sikuwa nimeyachemsha, kaka. Maji ya bomba yana hewa ndani yake, na hewa ile inajishikiza kwenye herufi na kwenye mikunjo ya taji kama viputo vidogo ambavyo jicho halivioni. Kila kiputo kinasukuma maji ya ziada, mizani inasoma zaidi, na jibu linashuka. Maana yake ni kwamba hewa inaifanya shaba nyekundu ionekane ya manjano. Siku zote zile kosa lilikuwa linanivuta upande mmoja tu, na mimi nilikuwa natafuta wastani!

Jana nikachemsha maji, nikayaacha yapoe yenyewe yakiwa yamefunikwa, nikatia tone moja la sabuni ya vyombo ili maji yaishike sarafu vizuri. Nikaizamisha kwa kuiinamisha, siyo ikiwa bapa. Nikapitia herufi zote kwa lenzi kupitia ukuta wa glasi. Mizani ikasoma 1.28. Nikaitoa, nikarudia: 1.28. Tena: 1.28. Yaani 11.38 kwa 1.28, jibu 8.89. Kwa usalama nikapima heller 20 yangu ya zamani ambayo ni ya manjano bila shaka yoyote, 10.96 kwa 1.30, nikapata 8.43. Nilisimama pale jikoni nikapiga makofi peke yangu.

Kwa hiyo anayetaka kununua mizani ya 0.001, nunua kama unataka, lakini chemsha maji kwanza. Nikiwa kwenye vifaa: lenzi ya mara kumi inanitosha kwa kila kitu, ile darubini ya kuchomeka kwenye kompyuta naitumia kupigia picha tu. Glovu za pamba sizipendi kabisa. Sarafu inateleza, na inayoteleza inaanguka. Osha mikono, shika ukingoni. Na vile vifuko laini vya plastiki ambavyo bado vinauzwa kwenye maonesho, tafadhali, toeni sarafu zenu humo leo hii. Vinatoa ute wa kijani unaokula shaba. Mbili za kwangu zimeharibika hivyo, na hazitapona.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kuandika kadi ya sarafu hii: taji ndogo, na L ya pili ya HELLER ina ncha iliyojikunja. (Mnajua zipo za taji kubwa, na za L zenye ncha kali zote mbili, na za zote kujikunja.) Baada ya hapo nirudi kwenye orodha ya J na kumtafuta yule muuzaji wa dirishani. Sijafanya lolote.

Sababu ni picha. Nilipoipiga picha upande wa maandishi niliona mstari mwembamba uliovimba, unaotoka ukingoni chini ya E ya kwanza. Huo ni ufa wa muhuri, yaani kile kipande cha chuma kinachogonga chapa kwenye sarafu. Muhuri ulipopasuka, kila sarafu iliyofuata ilibeba mstari ule. Nikachukua ile ya manjano, ambayo nayo L yake ya pili imejikunja, nimeimiliki miaka mitatu na sijawahi kuitazama hivyo. Ufa upo. Uleule, pembe ileile, ila kwenye ya manjano umetambaa hadi kufika kwenye mguu wa L.

Muhuri mmoja, basi. Nyekundu yangu iligongwa kwanza, ya manjano baadaye, ufa ukiwa umekua. Nimeziweka picha mbili juu ya kioo chenye taa chini yake, nikazilinganisha mpaka saa nane usiku, na zinalingana. Ya tatu ina L za ncha kali, kwa hiyo ni muhuri mwingine. Sasa nahitaji nyingine zenye L ya pili iliyojikunja, hata zilizochakaa, hata zilizotobolewa kidani, alimradi chini ya E pasomeke.