Saadani, Nyika Inapokutana na Bahari

Jumamosi iliyopita nilitimiza azma yangu ya muda mrefu ya kuitembelea Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo, ambayo upande wake wa mashariki ni Bahari ya Hindi yenyewe. Tulianza asubuhi kwa miguu, askari mwenye bunduki akitangulia, tukifuata njia inayopita nyikani na kutokea ufukweni. Hapo, juu ya mchanga ambao maji yalikuwa yameuacha punde tu, tulikuta nyayo za ngiri zikikatiza katikati ya mashimo ya kaa. Tembo hatukuwaona, isipokuwa kinyesi chao kilichokuwa bado kibichi, nami sikusikitika sana. Mchana tulipanda boti katika Mto Wami, ambako viboko walizama na kuibuka wakipuliza maji, huku mamba mmoja akiwa amejilaza topeni kando ya mikoko, kinywa wazi, wala hakujali kelele za injini. Jioni tulifika Madete, wanakotaga kasa wa kijani, tukakatazwa kuwasha tochi ovyo, kwa kuwa watoto wao wakianguliwa huufuata mwanga wakidhani ndiko baharini. Kasa hawakutokea usiku ule.