Unasoma Wapi?

Julai 2019, siku tatu baada ya mtihani wangu wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilipanda treni ya kwenda Kigoma nikiwa na sanduku la chuma, ndoo iliyojaa vyombo, na bahasha ya karatasi zilizothibitisha kwamba sidaiwi kitabu wala ufunguo. Nilikuwa nimezungusha karatasi hizo ofisi kwa ofisi kwa siku mbili, na mhuri wa mwisho ulikuwa wa maktaba mpya, ile iliyozinduliwa Novemba 2018, ambamo nilijiandalia karibu mitihani yote ya mwaka wa tatu. Aliyenihudumia aligonga mhuri, akanirudishia karatasi, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Nilitoka nikasimama kando ya mlango kwa muda mrefu, nikiona uchungu ambao sikuutarajia, kwa maana mahafali yangekuwa mwishoni mwa mwaka na nilidhani huzuni ya kuagana nayo ingesubiri hadi siku hiyo.

Tangu nilipokuwa na miaka saba, kila mtu mzima niliyemwamkia aliniuliza ninasoma wapi, nami sikuwahi kukosa jibu: nasoma darasa la tatu, nasoma kidato cha pili, nasoma Mlimani, kama tunavyokiita chuo kikuu hicho. Jibu hilo lilimgharimu mama yangu, ambaye hununua dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, huwaanika na kuwauza, na ambaye hakuacha hata muhula mmoja upite bila kunifungia mfuko wa dagaa na chupa ya mawese. Fedha za mkopo wa serikali, ambazo wanafunzi wote huziita bumu, zilihesabiwa kwa shilingi 8,500 kwa siku, chakula na malazi humo humo, na ziliponiishia kabla ya wakati wake, ni dagaa wale waliotulisha chumbani, sisi wenye vitanda pamoja na mwenzetu tuliyembeba, yaani yule aliyekosa nafasi ya hosteli akawa analala nami kitanda kimoja. Sijui kama mama aliwahi kufahamu kwamba alikuwa akilisha watoto wa watu asiowajua, kutoka Mtwara, Mara na Njombe.

Treni iliondoka Dar es Salaam usiku. Nilikuwa nimeketi daraja la tatu, dirishani, kwenye reli ambayo miezi michache nyuma, nikiwa katika mazoezi ya kufundisha jiografia, niliichora ubaoni kwa chaki nyekundu na kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Dodoma tulifika asubuhi. Tabora tulikaa saa nyingi, kama ilivyo kawaida, wakati mabehewa ya Mwanza yakitenganishwa na yetu, na wauza asali walipita chini ya madirisha wakiinua chupa zao kwenye mwanga wa taa. Hapo ndipo kiti kilichonielekea kilipoachwa wazi, akahamia bibi mmoja aliyekuwa amesafiri tangu Dar es Salaam mwishoni mwa behewa, akiwa amejitanda khanga mbili na kushikilia kikapu mapajani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Unasoma wapi?”

“Nasoma Mlimani,” nilijibu, kisha nikajisahihisha. “Nilikuwa nasoma, bibi. Nimemaliza.”

Lilikuwa jambo dogo, badiliko la wakati katika kitenzi kimoja ambalo ningeweza kumfundisha mtoto wa darasa la nne, lakini kulitamka kulinikausha koo. Bibi alinitazama, au tuseme alinielekezea uso, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kugundua kwamba haoni vizuri pembeni. Hakunipa hongera. Aliuliza kama kumaliza kusoma ndiko kutoweza kusoma tena, na kabla sijapata la kusema alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake akatoa kadi iliyokunjwa mara nne na kichupa cha dawa ya macho. “Basi nisomee hii.”

Kadi ilitoka katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam. Iliandikwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa haraka, na ilinilazimu kulinganisha neno kwa neno na maelezo yaliyochapwa kwenye kichupa ili nisikosee. Bibi alikuwa na presha ya macho. Alitakiwa kutia tone moja katika kila jicho, asubuhi na jioni, asiache hata siku moja, na arudi kliniki tarehe 15 Oktoba. Nilipomuuliza anavyoitumia, alisema hutia katika jicho la kulia peke yake, siku linapouma. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa, naye aliona haya kumuuliza daktari mara ya pili huku foleni ikiwa ndefu nyuma yake. Nilimweleza kwamba ugonjwa huu hula uoni bila kuuma, na kwamba dawa hairudishi kilichokwisha kupotea bali hulinda kilichobaki, kwa hiyo siku asiyosikia maumivu ndiyo siku ya kutia kama siku nyingine yoyote.

Nilimsomea kadi hiyo mara tatu, kwa uangalifu ambao sikuwahi kuupa karatasi yoyote ya mtihani, kwa sababu katika mtihani kosa langu lilikuwa langu peke yangu. Naye alirudia baada yangu, tone moja, macho yote mawili, asubuhi na jioni. Tarehe 15 Oktoba haikumkaa kichwani hadi tulipoitafuta katika kalenda yake mwenyewe: mvua zinapoanza na watu wanapotifua mashamba ya mahindi. Alisema hapo asingesahau, ingawa kuondoka shambani wakati huo kungemuumiza. Kisha nilimsaidia kutia tone la jioni, katika jicho la kushoto kwanza, treni ikitikisika, mkono wangu ukiwa umeegemea paji la uso wake ili usiteleze.

Tulilala tumeketi. Kulipopambazuka tulikuwa tumeingia mkoa wa Kigoma, na yeye aliamka kabla yangu akawa ameshatia dawa mwenyewe, macho yote mawili, akanionyesha kichupa kama mtoto anayeonyesha daftari lililosahihishwa. Uvinza, penye chumvi, ndipo alipokuwa akishuka. Nilimpitishia kikapu dirishani, kikapokewa na kijana wa miaka kama kumi na mitano aliyevaa sare ya shule, ambaye nadhani alikuwa mjukuu wake. Alimkabidhi kijana ile kadi, akamweleza tone moja, macho mawili, asubuhi na jioni, bila kukosea hata neno. Kisha akanielekezea mkono.

“Msalimie dada yako,” akamwambia. “Huyu anasoma.”

Treni ilikuwa imeanza kuondoka. Kijana aliniamkia, nikaitikia, na sikumsahihisha bibi.