Siku moja maishani mwangu: Septemba 5 kwenye meza ya kalenda ya muziki

Saa 10:40 alfajiri

Kazi yenyewe ni kipengele cha redio cha dakika tatu: nani wa muziki wa roki na pop alizaliwa tarehe kama ya leo, na nini kilitokea. Siku nyingi za mwaka unachagua la kusema. Septemba 5, ukiwa Unguja, huchagui. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa hapa, siku ya Alhamisi, mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wasikilizaji wengi wameshasimuliwa habari zake na mzee wa mtaani au mtembeza wageni, kwa hiyo kosa dogo la leo husikika kuliko kosa kubwa la siku nyingine.

Kabla hata ya chai, tunaangalia walio hai. Orodha ya leo ina Al Stewart (Glasgow, 1945), Loudon Wainwright III (1946, siku ileile na Freddie) na Brad Wilk, mpiga ngoma wa Rage Against the Machine (1968). Kila jina linatafutwa upya alfajiri hii, maana orodha iliyoandikwa jana haijui aliyefariki usiku. Aliye hai "anatimiza" miaka kadhaa, aliyefariki "angetimiza". Ni silabi moja tu, lakini ukiikosea hewani umemzika mtu au umemfufua.

Saa 11:15 alfajiri

Jedwali la kompyuta lenye tarehe zote lina safu tatu tofauti za siku, mwezi na mwaka. Tarehe haiandikwi kwenye kisanduku kimoja, kwa sababu programu huigeuza yenyewe kufuata mpangilio wa nchi uliowekwa kwenye mashine. Wamarekani hutanguliza mwezi. Kwao 9/5/1946 ni Septemba 5; kwetu inasomeka Mei 9. Hatari ipo kwa siku 1 hadi 12 za kila mwezi, kwani kuanzia siku ya 13 mpangilio mbaya unajifichua wenyewe: mwezi wa 13 haupo. Ukiona mwanamuziki amewekewa siku mbili za kuzaliwa, geuza namba kwanza kabla ya kutafuta mchawi. Mara nyingi jibu liko hapo.

Safu ya nne ndiyo ninayoipigania kuliko zote: aina ya tarehe. Kuna kuzaliwa, kufariki, kurekodi, kutolewa, kushika namba moja, kupiga jukwaani, na kutangazwa. Tarehe isiyo na aina haisomwi. "Bohemian Rhapsody" ya Queen ilianza kurekodiwa Agosti 1975 katika studio ya Rockfield huko Wales, ikatolewa Oktoba 31, ikashika namba moja katika chati ya Uingereza ya Novemba 29. Ukiandika tu "Bohemian Rhapsody, Novemba 29, 1975", msomaji atasema imetoka siku hiyo, na atakuwa amechelewa karibu mwezi mzima.

Kuna tarehe ambazo hata ukizitaja aina hazitulii. Albamu ya Beatles ya "Sgt. Pepper's" rasmi ni Juni 1, 1967, lakini maduka ya Uingereza yalikuwa yakiiuza tangu Mei 26. Tunasoma ile rasmi na kuongeza sentensi moja. "Blonde on Blonde" ya Bob Dylan ni kesi ngumu zaidi: kwa miaka mingi iliandikwa Mei 16, 1966, siku moja na "Pet Sounds" ya Beach Boys, na watu wakapenda kuzitaja pamoja kama mapacha. Ushahidi wa baadaye umeisogeza hadi Juni 20. Hadithi ya mapacha ni tamu, lakini tumeifuta.

Saa 12:00 asubuhi

Kuandika. Dakika tatu zinagawanyika hivi: sekunde 100 za maneno, sekunde 70 za muziki, sekunde 10 za jingo, yaani muziki wa kutambulisha kipindi, mwanzoni na mwishoni. Kwa kasi ya maneno 110 kwa dakika, sekunde 100 ni kama maneno 180.

Hapa Kiswahili kina hesabu yake. "1946" kwenye karatasi ni tarakimu nne, mdomoni ni "elfu moja mia tisa arobaini na sita": maneno saba, karibu sekunde nne za kipengele. Miaka mitano ikisomwa hivyo imekula maneno 35 kati ya 180. Kwa hiyo mwaka kamili unasomwa mara moja au mbili tu, na mingine inageuzwa kuwa umri: "akiwa na miaka kumi na saba" badala ya mwaka 1964. Msikilizaji anayechemsha chai hawezi kufanya hesabu ya kutoa. Umri anaushika.

Ya leo imebaki na mambo haya. Alizaliwa Zanzibar, mwana wa Bomi na Jer Bulsara, Waparsi wa dini ya Zoroasta. Jina la ukoo linatokana na mji wa Bulsar, Gujarat. Alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na huko akapiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 familia ilihamia Feltham, magharibi mwa London. Queen ilianza 1970 na Brian May na Roger Taylor, na John Deacon akaingia mwaka uliofuata. Freddie alifariki Novemba 24, 1991, siku moja baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI. Hayo tu. Ile sayari ndogo namba 17473, iliyogunduliwa 1991 na kupewa jina lake wakati ambapo angetimiza miaka 70, imeandikwa pembeni kama akiba, iwapo msomaji atawahi kumaliza.

Jina la Farrokh linaandikiwa maelekezo ya matamshi: "kh" isomwe kama ya "kheri", mkazo usilale kwenye "fa". Watangazaji wengi duniani hulivunja jina hili. Sisi hatuna kisingizio, herufi hiyo tunayo.

Saa 12:40 asubuhi

Kukata wimbo. "Bohemian Rhapsody" ina dakika 5 na sekunde 55, na sisi tuna sekunde 70. Ramani yake ni hii: sauti zinazoimba kwa pamoja, piano ikiingia njiani, hadi 0:49, kisha piano na uimbaji wa polepole hadi 2:37, gitaa la Brian May hadi 3:05, sehemu ya opera hadi 4:07, roki nzito hadi karibu 4:55, halafu mteremko wa mwisho.

Kosa la kawaida ni kuanza na sekunde ya sifuri. Zile sekunde 49 za kwanza hazina ngoma wala besi, na redio ndogo ya dukani huzimeza. Tunaingia 1:55, wakati ngoma na besi zimeshakaa, tunafika mwisho wa gitaa 3:05, tukizima taratibu katika sekunde mbili za mwisho. Hizo ni sekunde 70 kamili, na zinaishia pale wimbo wenyewe unapogeuka, kwa hiyo mkato hausikiki kama ajali.

Sehemu ya opera ndiyo yenye neno "Bismillah". Hapa kwetu neno hilo halihitaji mfasiri, na lisikatwe katikati kwa kuwa muda umeisha. Ama sehemu hiyo ipigwe yote, ama isiguswe. Leo haiguswi.

Muziki ukiwa chini ya maneno tunaushusha desibeli 15 hadi 18 chini ya sauti ya msomaji, na chini ya maneno hauwekwi wimbo wenye kuimbwa. Sauti mbili za binadamu zikipandana, sikio hufuata inayoimba. Ndiyo sababu kipande cha gitaa kinafaa kuliko vyote.

Saa 1:15 asubuhi

Hewani. Maikrofoni upana wa kiganja kutoka mdomoni, imeinamishwa kidogo ili herufi "p" na "b" zisipige. Skripti imechapwa upande mmoja wa karatasi, maana karatasi inayogeuzwa husikika.

Saa 2:00 asubuhi

Ujumbe wa wasikilizaji unaanza, na kila mwaka unagawanyika mafungu mawili. Wapo wanaouliza kwa nini hatukusema "alizaliwa Tanzania". Tunawajibu kwa heshima: Septemba 1946 Zanzibar ilikuwa nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Uingereza. Muungano ulikuja Aprili 26, 1964, na jina la Tanzania baadaye mwaka huohuo. Unaweza kusema "alizaliwa Zanzibar, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania", na hapo hakuna wa kukupinga. Mara nyingine mzee anaandika kabla yetu: "Mwanangu, waambie hapakuwa na Tanzania wakati ule." Ujumbe wa namna hiyo tunausoma hewani saa inayofuata.

Fungu la pili linauliza nyumba. Ipo makumbusho yake Shangani, barabara ya Kenyatta, iliyofunguliwa Novemba 2019, na watu hupiga picha mlangoni wakisema ndipo alipozaliwa. Tunasema alizaliwa hospitali ya serikali hapa mjini, na makumbusho tunayaita makumbusho.

Kisha fomu ya hakimiliki, kabla kumbukumbu haijapoa: jina la wimbo, mtunzi, wapigaji, sekunde zilizopigwa. "Bohemian Rhapsody" mtunzi ni Freddie Mercury peke yake. Lakini ukipiga "These Are the Days of Our Lives", iliyotolewa pamoja nayo Uingereza Desemba 1991, mtunzi anayeandikwa ni Queen, maana kuanzia albamu yao ya 1989 nyimbo ziliwekwa kwa jina la wote wanne. Fomu nyingi huharibika hapo, kwa mtu kudhani kila wimbo wa Queen ni wa Freddie.

Saa 4:30 asubuhi

Kesho na keshokutwa zinaandaliwa pamoja, kwa kuwa zinaingiliana. Septemba 6 ina Roger Waters wa Pink Floyd (1943) na Dolores O'Riordan wa Cranberries (1971), na pia onyesho rasmi la mwisho la Jimi Hendrix, kisiwa cha Fehmarn, Ujerumani, 1970. Alifariki siku 12 baadaye. Hendrix anachukua nafasi kubwa kesho. Nilimpima na Waters na sikusita.

Septemba 7 ndiyo inayotaka utulivu. Buddy Holly alizaliwa siku hiyo 1936, Lubbock, Texas. Ukoo wake ni Holley, lakini mkataba wa kampuni ya Decca uliidondosha "e" na ikabaki hivyo. Siku hiyohiyo mwaka 1978 alifariki Keith Moon, mpiga ngoma wa The Who, London, akiwa na miaka 32. Jioni ya tarehe 6 alikuwa mgeni wa Paul McCartney kwenye onyesho la filamu ya maisha ya Buddy Holly. Mtu mmoja, usiku mmoja, tarehe mbili: mwaliko unaandikwa chini ya tarehe 6, kifo chini ya tarehe 7. Ukivikusanya kwenye sentensi moja yenye tarehe moja, kimojawapo kitakuwa uongo.

Saa 8:00 mchana

Saa za dunia. Kanuni yetu: tarehe ni ya mahali tukio lilipotokea, saa tunaitafsiri kwa msikilizaji. John Lennon alipigwa risasi New York Desemba 8, 1980, kama saa 4:50 usiku. Kwetu ilikuwa saa 12:50 asubuhi ya tarehe 9, na mtu mzima anayekumbuka kuisikia redioni asubuhi hiyo hakosei akisema tisa. Tunasoma Desemba 8, kisha tunaeleza kwamba Afrika Mashariki palikuwa pamekucha. Queen walipanda jukwaa la tamasha la hisani la Live Aid, Wembley, Julai 13, 1985 saa 12:41 jioni ya London. Huku kwetu saa 2:41 usiku, tarehe ileile. Saa za Kiswahili nazo zina mtego wake: 18:41 ikiandikwa "saa 6:41" na mtu mwenye haraka, msomaji atasema mchana.

Saa 10:00 jioni

Kurekodi ya kesho. Faili linaitwa kwa mwezi na siku, 09-06, bila mwaka, ili mwakani lijipange mahali pake na abadilishe umri tu atakayekuwa zamu. Nakala moja kwenye mashine ya studio, nyingine kwenye diski ya nje.

Ndani ya 09-07 sentensi ya Keith Moon imeandikwa upya mara ya tatu. Sasa inasema: "Jioni ya tarehe sita alikaa mezani na Paul McCartney. Tarehe saba, siku ya kuzaliwa Buddy Holly, alifariki."