Saa 9:00 si saa tisa: siku yangu moja katika sekondari ya umma Marekani

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri simu inalia, naizima. Inalia tena, naizima. Mara ya tatu naamka.

Mimi ni mkalimani na kiungo wa wazazi katika sekondari ya umma iliyo pembezoni mwa jiji moja la Marekani. Mkataba unasema natafsiri Kiswahili na Kiingereza. Haukusema kwamba nitakuwa pia mtu wa kutafuta basi lililopotea, wa kueleza kwa nini alama ya D si sawa na kufeli, na wa kupigiwa simu Jumapili. Wazazi wengi ninaowahudumia ni Wakongo waliokaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa huku.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini nimeshasimama kwenye mlango wa mabasi. Kuna milango miwili na kila mmoja una watu wake. Huku ni mabasi ya manjano yanayotoka kwenye majengo ya kupanga yaliyo kando ya barabara kuu. Upande wa pili ni maegesho ya wanafunzi wenye magari yao wenyewe, na mengine ni mapya kuliko langu. Shule ni moja.

Wengi wanashuka macho yamefumba. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 8:30, yaani saa mbili na nusu, kwa sababu mwili wa kijana wa umri huu huchelewa kusinzia usiku. Sisi tunaanza saa moja na dakika ishirini. Basi linalowaleta wa sekondari ndilo linalorudi kuchukua wa shule ya kati, kisha wa msingi, na lazima mtu awe wa kwanza.

Kengele. Kipaza sauti kinasoma matangazo, halafu kiapo cha bendera. Wageni hunitupia jicho kuuliza kama ni lazima kusimama. Si lazima. Mahakama ya Juu ya nchi hii iliamua hivyo mwaka 1943. Wengi husimama tu, kwani hakuna anayetaka kuonekana siku ya kwanza.

Saa mbili, ofisi ya usajili. Baba mmoja amekuja na kijana wa miaka kumi na saba, na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za uhamiaji. Namrudishia zote taratibu. Shule inataka uthibitisho wa anuani, chanjo na tarehe ya kuzaliwa. Haiulizi mtu ana hadhi gani ya uhamiaji. Tangu uamuzi wa mahakama hiyohiyo wa mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumfungia mtoto mlango kwa sababu hiyo. Baba anazihesabu karatasi zake upya, kana kwamba nimeiba moja.

Kijana aliishia darasa la sita. Huku atapangwa la tisa, na watoto wa miaka kumi na minne, kwa sababu kuhitimu kunahesabiwa kwa kredi, yaani pointi za kila somo ulilofaulu, naye ana sifuri. Ni mrefu kuliko mwalimu wake. Namwonyesha namna ya kufungua kabati lenye namba za siri: kulia, kushoto mara moja uipite, kulia tena. Anafungua mara ya nne na kutabasamu kwa mara ya kwanza.

Sasa saa tatu asubuhi, na hapa lazima nirudi nyuma wiki moja.

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha mwanafunzi mmoja wa darasa la kumi. Barua niliiandika mimi. Kiingereza kilisema 9:00, nami kwa haraka nikaandika "saa 9:00". Watu watano walikaa mezani wakimsubiri mama yake, na mwisho wakaandika kwamba mzazi hakuhudhuria. Mama alifika saa tisa. Saa tisa alasiri, kama barua ilivyosema, amevaa kitenge cha kanisani, ameomba ruhusa kazini. Masomo yalishaisha, watu wa kikao walishaondoka. Mlinzi ndiye aliyenipigia simu. Nilipomkuta amekaa kwenye benchi la nje, aliniomba yeye radhi.

Leo amekuja mapema, na mkoba ameupakata. Mezani yuko mwalimu wa elimu maalumu, mwanasaikolojia wa shule, kaunsela (mshauri wa wanafunzi), makamu wa mkuu, mwalimu mmoja wa somo, kijana mwenyewe, na mimi pembeni ya mama. Wanataka ruhusa ya kumpima kijana, waone kama anahitaji mpango wake binafsi wa masomo, ambao hapa kila mtu anauita IEP. Haki hiyo inatokana na sheria ya mwaka 1975, na sheria hiyohiyo ndiyo inayotaka shule imletee mzazi mkalimani. Mimi niko pale kisheria, si kwa huruma ya mtu.

Mwanasaikolojia anasema, na mimi natafsiri: "Tunashuku kijana ana ulemavu."

Mama anageuka kuitazama miguu ya mwanawe.

Neno nililotumia ndilo la kamusi, lakini kwake ulemavu ni mguu, ni mkono, ni jicho. Naomba ruhusa ya kusimamisha kikao, nawaeleza wenzangu kwa Kiingereza kilichotokea, halafu naanza upya: kuna watu wenye akili nzuri kabisa, ila herufi hazikai vichwani mwao kama kwa wengine. Mama anasema, bila kupandisha sauti, "Mutoto yangu haiko na wazimu." Kanuni ya kazi hii ni kusema kwa nafsi ya anayesema. Kwa hiyo nageukia meza na kusema kwa Kiingereza: mtoto wangu hana wazimu. Koo linanikauka kila ninapolazimika kufanya hivyo.

Hapo mwanasaikolojia anauliza swali ambalo wengine hulisahau: je, Kiswahili anakisoma vizuri? Kisheria huwezi kusema mtoto ana tatizo la kujifunza kama sababu kubwa ni kwamba bado hajajua Kiingereza, au kwamba hakupata kufundishwa kusoma inavyotakiwa. Mama anafikiri kidogo. Anaeleza kwamba kanisani kijana yuko kwaya, anashika kitabu cha nyimbo kama wenzake, lakini siku moja alichungulia na kuona amefungua ukurasa mwingine kabisa. Anaimba kwa kukariri. Mdogo wake wa kike, waliyesoma naye kambini darasa moja, anasoma vizuri.

Kalamu zote zikaanza kuandika kwa pamoja. Kijana aliinamisha uso, na masikio yake yalikuwa mekundu. Miezi saba walimu walikuwa wanasema ni lugha tu, atazoea.

Fomu haikusainiwa. Mama aliikunja mara nne akaiweka mkobani, anataka kuzungumza na baba yao kwanza. Makamu aliangalia saa. Mimi nilifurahi. Sahihi ikishawekwa shule ina siku 60 kumaliza vipimo, labda jimbo liwe na muda wake, na hakuna sheria inayomlazimisha mama kuamua kwa dakika arobaini. Tukakubaliana Alhamisi.

Chakula cha mchana hupita kwa zamu tatu, ya kwanza saa tano kasoro, na mimi hula nikiwa nimesimama.

Mchana binti wa darasa la kumi na moja ananikokota hadi kwa kaunsela. Anataka biolojia ya AP, masomo ya kiwango cha chuo ambayo mtihani wake hufanywa Mei na kutolewa alama 1 hadi 5. Kaunsela anahofia Kiingereza chake. Binti anafungua daftari: kiini cha seli kimechorwa kwa rangi nne, na maelezo ya Kiswahili pembeni. Kaunsela akaandika jina lake. Kwa alama 3 na kuendelea vyuo vingi hutoa kredi, vingine hutaka 4 au 5, lakini yeye hakuuliza hayo. Aliuliza kama watapasua chura.

Saa nane na dakika kumi masomo yanaisha, na ndipo shule yenyewe inapoanza: roboti, mpira, bendi, mdahalo, mchezo wa kuigiza. Orodha iliyobandikwa ukutani inajaza ubao mzima. Ukiniuliza programu ipi ni muhimu kuliko zote, sitataja hata moja ya hizo. Nitataja basi la saa kumi na moja jioni. Mwaka jana lilipunguzwa siku za kwenda, na watoto wa majengo ya kupanga wakatoweka kwenye kila kikosi, wala hakuna aliyewafukuza.

Saa kumi narekebisha barua. Programu ya kutafsiri imewatangazia wazazi kwamba kesho shule itafanya "uchimbaji wa moto". Mzazi mmoja ameshauliza kama watoto waje na viatu vya kazi. Nafuta, naandika: zoezi la kujihadhari na moto.

Nyumbani, saa mbili usiku, nikiwa sijavua viatu, ujumbe wa sauti unaingia. Ni yule mama. Baba yao yuko karibu naye, namsikia anakohoa.

"Mwalimu, samahani. Ile saa ine ya Alhamisi. Ni ine ya kwetu ao ni ine ya kwao?"