Siku moja maishani mwangu: fundi bodi na mlango uliolala

Saa 1:30 asubuhi. Karatasi ya kazi ina maneno matatu tu: mlango wa dereva. Gari lenyewe ni la njia mbovu, milango minne, bodi imekaa juu ya chesisi ya ngazi, yaani fremu ya chuma yenye umbo la ngazi, na kati yao kuna vipande vya raba. Kabla ya spana yoyote najaza upepo, tairi zote sawa kwa kila ekseli, na kuliegesha kwenye sakafu iliyonyooka likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Sipangi milango gari likiwa limening'inia kwenye lifti. Chesisi ikibebwa sehemu isiyo yake hujipinda kidogo, na mwanya uliokuwa mzuri juu utakuudhi likishuka chini.

Saa 2:00. Napima mianya. Kifaa changu ni biti za drili, za milimita 3 hadi 8. Nene zaidi inayopita bila kukwaruza ndiyo kipimo. Huku juu nyuma ya mlango hata ya 8 inapita, huku chini ya 3 inagoma. Mlango umelala: ncha yake ya nyuma imeshuka.

Saa 2:30 mwenye gari anafika, na swali lake ni lile la wote: "Fundi, si ni bolti mbili tu hizo?" Namwonyesha straika, ile ndoano ya kwenye nguzo inayoshikwa na kitasa. Imeshushwa mpaka mwisho wa tundu lake. Aliyeishika kazi hii kabla yangu aliufuata mlango ulikolala, basi kitasa kikapata pa kushika na mlango ukafunga, ila kwa kubamizwa mara mbili. Straika kazi yake ni kuushika mlango uliofika mahali pake. Haiubebi wala haiusogezi. Kwa hiyo naifungua kabisa na kuiweka kwenye kopo, na mlango unafungwa bila kitu cha kuudanganya.

"Sasa utafungaje bila hiyo?" Bosi, hautafunga. Ndiyo maana naitoa.

Kipimo kinachofuata ni cha mkono. Nafungua mlango kiasi cha sentimita 10, nashika ncha ya nyuma na kuinua. Ukicheza kwenye bawaba tu, pini au bushi zimelika. Nguzo nzima ikitikisika pamoja na bawaba, kuna kutu ndani na kazi imehama kwa mtu wa kuchomelea. Hapa inacheza bawaba ya juu, lakini mchezo huo hautoshi kueleza milimita zote nilizozipima. Nanyoosha futi ya utepe kona kwa kona kwenye tundu la mlango, kisha nafanya vivyo hivyo upande wa abiria. Mishazari miwili ya mlango mmoja huwa hailingani kwa maumbile yake, hivyo mlango hulinganishwa na mwenzake wa upande wa pili. Tofauti ni milimita 6. Nalala chini ya gari: raba ya bodi ya mbele, upande wa dereva, imesagika hadi chuma kinakaribia kugusa chuma. Nguzo ya mbele imeshuka na raba, mlango ukaifuata nguzo.

Kumweleza mtu kwamba mlango wake umeharibikia chini ya sakafu huchukua muda mrefu kuliko kubadilisha raba yenyewe. Anaangalia mlango, ananiangalia, anaangalia mlango.

Saa 4:00. Raba. Nalegeza bolti za upande huo wote, naweka ubao mpana kati ya jeki na bodi, na kuinua sentimita 2 tu. Mtu asiye na subira huharibu vingi hapa: bomba la kujazia mafuta, waya wa ethi, shafti ya usukani, na feni inayoweza kuuma kava lake. Nakagua kila kimoja kabla ya kuendelea kupiga jeki. Raba mpya inaingia na bolti zinakazwa. Tundu la mlango sasa linatofautiana na mwenzake kwa milimita 1.

Saa 6 na kitu. Bawaba, na hapa ndipo mchana unapopotelea.

Nachora mstari kuzunguka bawaba zote mbili, naziba kingo za rangi kwa tepu ya karatasi, nachomoa waya za mlango na kile kizuizi cha kuuzuia usifunguke kupita kiasi. Jeki yenye mbao na kitambaa inabeba mlango. Bolti sizitoi zote kwa pamoja: ndani ya nguzo kuna bati lenye nati ambalo halijachomelewa, linaelea. Ukitoa bolti ya mwisho linaanguka ndani ya nguzo, nawe utakaa na sumaku ya kamba ukivua chuma gizani. Kwa hiyo bawaba ya juu inatoka peke yake, inapata pini na bushi mpya, inarudi, huku bolti moja ya muda ikilishika bati.

Hesabu yake ni hii. Bawaba zimeachana sentimita 40, mlango una urefu wa mita 1. Kwa hiyo milimita 1 kwenye bawaba ni milimita 2.5 kwenye ncha ya nyuma. Pini mpya zimeupandisha mlango, bado milimita 1.5. Nakata shimu, kipande chembamba cha kujazia, ya bati la milimita 0.6 na kuiweka nyuma ya bawaba ya chini: sehemu ya chini inasukumwa nyuma, ncha inapanda. Nakaza. Napima. Umeshuka tena milimita 1.

Nalegeza, napandisha, nakaza. Umeshuka.

Mara ya tatu natoa washa ya bolti na kuikagua. Miaka yote iliyokaa pale imechimba duara kwenye bati la bawaba, na kila nikikaza washa inateleza kurudi shimoni kwake. Nasugua duara lile kwa tupa hadi lilale, naweka washa nene na pana zaidi, kisha nakaza kwa zamu: juu robo mzunguko, chini robo mzunguko, mpaka zishike. Sasa umetulia. Nauacha juu kwa nusu milimita, maana bushi mpya hukaa na kushuka kidogo.

Mwenye gari bado yupo. Anauliza kama bolti mbili zimekwisha.

Alasiri. Mlango umelingana na ule wa nyuma yake, ndipo madigadi inasogezwa kuufuata mlango, na boneti kuifuata madigadi. Mpangilio huanzia nyuma kwa sababu ubavu wa nyuma umechomelewa, hausogei. Ukianza na boneti utaishia na mwanya mbaya mlangoni, usio na pa kwenda.

Straika inarudi mwisho. Naikaza nusu, nafunga mlango taratibu, natazama: mlango ukiruka juu au ukizama wakati kitasa kinashika, straika haipo sawa. Halafu kipande cha karatasi kwenye raba ya mlango, nafunga, navuta. Kinatakiwa kivutike kwa shida kila mahali. Kwenye kona ya juu ya nyuma kinachomoka bure, hapo maji yataingia. Straika ndani milimita 1. Karatasi inashika.

Jua limeshapungua. Jeki chini ya gurudumu moja la mbele, naliinua hadi bodi ijipinde, nafungua na kufunga. Unafunguka bila kukwaruza. Mwanya wa madigadi chini umebaki milimita 6 dhidi ya 5 za juu, nauandika hivyo hivyo kwenye karatasi ya kazi, chini yake naandika: arudi baada ya wiki moja bolti za raba na bawaba zikazwe upya.